Kibao cha Chooni

“Msaliti tumemjua!” mshona vifungo alipaza sauti, akataka kuinuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nyingine imetimka kama moto wa makuti.

“Kaa chini, mdogo wangu.” Msusi alimbana mabega kwa magoti, akamrudisha kwenye mkeka. “Utapita mtaani kama shamba lililopaliliwa upande mmoja. Msaliti gani huyo?”

“Wa kiwandani kwetu, dada! Tumemsaka mpaka tukaanza kushukiana wenyewe kwa wenyewe. Kila tukipanga jambo, wakubwa wanalo mezani kabla hatujalimeza. Tulisema tususie chakula chao kibovu, siku hiyo chakula hakikuletwa kabisa! Sasa amepatikana.” Akapiga makofi. “Amepatikana mchana kweupe!”

Kiwanda kilikuwa mtaa wa pili tu kutoka kibarazani pale. Kilishona sare za wanafunzi, za wauguzi, za walinzi. Kiliuvisha nusu ya mji na kuwavua waliokishonea. Msusi alikijua kwa vichwa vyake. Jumapili kama hii wanawake wa mashine walikuja kwake na nyuzi bado zimewanasa nyweleni, na alipokuwa akizitoa moja moja, maneno nayo yalitoka. Huyu wa leo alikuwa mgeni, kaletwa na shoga yake aliyekwisha kuondoka.

“Unakijua kibao chetu cha chooni?” mshona vifungo akauliza.

Nani asiyekijua? Meneja aligundua mwaka ule kwamba wafanyakazi wana matumbo, akakasirika sana. Akaamuru kila mstari wa mashine uwe na kibao kimoja cha mbao, kimetobolewa na kutiwa kamba. Anayekwenda chooni akivae shingoni, mchana kweupe, mbele ya wenzake, kama mbuzi wa mnada. Atakayekutwa mlangoni bila kibao, mshahara wa siku hiyo umekwenda. Kibao kimoja, mstari mzima. Mwenye nacho ni mfalme. Wengine wote wanakaza meno.

“Basi kuna mzee mmoja, ikipiga tu saa ya chakula, anakivaa na kupotelea chooni. Hali na watu! Sisi tumeshajaza chai, tumesimama kwa mguu mmoja kama korongo, yeye yumo ndani. Anatoka kengele ikilia. Mtu anafanya nini chooni muda wote huo? Na choo hicho, dada, kimepakana na ofisi ya meneja. Ukuta mmoja! Sasa jumlisha mwenyewe.”

“Pengine anaumwa.”

“Anaumwa ulimi! Tumempa jina, Mzee Kibao. Ni mkata vitambaa. Mrefu, hasemi, uso mkavu kama aliyedhulumiwa tangu juzi. Na akitembea, mkono mmoja haurushi. Umelala tu ubavuni, kama wa mtu aliyebeba mkoba.”

Chanuo lilisimama hewani. Asubuhi ile ile msusi alikuwa amemtania mumewe alipokuwa akitoka: “Huo mkono mwingine unauweka akiba?”

“Aa! Dada! Hizo ni nywele zangu za kuzaliwa, si rasta!”

“Samahani, mdogo wangu. Mkono umeteleza.” Haukuteleza hata kidogo. “Sasa mtamfanya nini huyo mzee?”

“Keshokutwa tunamtia torolini.”

Msusi hakuhitaji kuelezwa. Mtaa mzima uliijua desturi ile. Toroli la vitambaa chakavu linaletwa saa ya chakula. Msaliti anabebwa juu juu na kuketishwa ndani, anamwagiwa vumbi la nyuzi kichwani, anasukumwa kwa nyimbo mpaka nje ya geti na kumwagwa barabarani. Hakuna aliyewahi kutoka torolini akapata kazi tena kwenye karakana yoyote ya upande ule, wala salamu dukani, wala mtu wa kuwachumbia binti zake. Na haki humo kiwandani ilitolewa hivyo hivyo, kwa toroli, kwa sababu hapakuwa na nyingine.

Alimaliza kichwa kile haraka kuliko vyote alivyowahi kusuka. Mshona vifungo akajitazama kwenye kioo, akacheka. “Umenikaza mpaka macho yamekuwa ya kichina! Lakini mkono wako umependeza, dada. Njoo keshokutwa getini, ukaone tamasha.”

“Nitakuja,” alisema msusi.

*

“Leo utakula mbele ya macho yangu, mpaka nione sakafu ya sahani.”

Mumewe alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni, kando ya jiko, sahani juu ya mapaja. Alichota kijiko, akatafuna kama anayehesabu meno, akachota kingine, akaweka kijiko chini.

“Nimeshiba.”

“Umeshibia wapi?” Msusi alisimama mbele yake, mikono kiunoni. “Niambie leo. Mwaka mzima nanusa mashati yako, namtafuta mwanamke anayekupikia. Simpati! Namwuliza Mungu, huyo mwanamke hana hata jasho? Kumbe si mwanamke. Kumbe ni meneja!”

“Meneja kafanya nini?”

“Wewe ndiye Mzee Kibao?”

Kijiko kilianguka sakafuni. Hakukiokota. Uso wake, kama kawaida yake ya siku hizi, haukusema kitu, lakini shingo ilishuka mabegani.

“Nani kakwambia?”

“Kichwa kimoja kilikuja kusukwa. Wanakutia torolini keshokutwa. Torolini, baba watoto! Mimi mke wa msaliti, nipite na kikapu changu sokoni, watu wanitemee mate! Sema. Unakwenda kusema nini kwa yule mtu?”

“Siendi kusema. Nakwenda chooni.”

“Muda wote huo?”

“Sipati choo, mke wangu.”

“Hilo nalijua! Mapapai nimemenya mimi, maji ya moto nimechemsha mimi, ile mizizi michungu nimeisaga mimi.”

“Hujui.” Alisema taratibu, sauti yake nayo ilikuwa imepungua siku hizi, ungedhani anaongea na mtu aliye mfukoni. “Unajua robo. Nakaa mle mpaka miguu inakufa ganzi. Tumbo jiwe. Siku zinapita, wiki inaelekea kwisha, hakuna kitu. Nikijilazimisha kula, chakula kinakaa hapa,” akagusa juu ya kitovu, “kinanitazama. Ndiyo maana nakwenda saa ya chakula. Wenzangu wanakula, mimi nakwenda kupigana. Nimsimulie nani hayo? Mwanamume mzima, nikamwambie msemaji wetu, Fundi Spana, samahani ndugu, nimechelewesha kibao, nilikuwa najikamua?”

Msusi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, hakufanya hata kimoja, kwa sababu mumewe aliinua kichwa na kusema, “Na nikiwa mle nasikia.”

“Unasikia nini?”

“Tajiri mwenye kiwanda alibana matofali alipojenga. Ukuta wa choo haukufika juu. Umeishia kichwani, kisha ni uwazi mpaka darini. Meneja anapiga simu zake saa ya chakula, akijua watu wako uwanjani. Anaongea kama yuko shambani kwake.” Alivuta pumzi. “Malori yanakuja siku ya mapumziko, mke wangu. Wanazihamisha mashine zote. Sisi tumelala majumbani, tunakula sikukuu. Kesho yake tukirudi tunakuta ukumbi mtupu na panya.”

“Na malipo yenu ya miaka yote?”

“Mtu wa upande wa pili wa simu nadhani aliuliza hilo hilo. Meneja alicheka mpaka akakohoa.”

Msusi alijikuta amemshika kola. “Na wewe umekaa kimya! Siku ya mapumziko si ni hii ya katikati ya wiki? Kwa nini hujawaambia?”

“Niwaambie nini? Nikisema malori yanakuja, la kwanza watauliza, umejuaje? Wewe usiyekula nasi, unayekaa ukutani kwa bosi, umejuaje? Nikilitaja neno hilo tu, nimejitia torolini mwenyewe. Anayelijua jambo hilo ni mtu wao. Hivyo ndivyo watakavyofikiri, na mimi ningekuwa wao ningefikiri hivyo hivyo.”

“Basi waambie ulikuwa unafanya nini!”

“Afadhali toroli.”

Hapo ndipo msusi aliposikia harufu. Aligeuka. Moshi mweusi ulikuwa unapanda kutoka kwenye sufuria ya maharage, ukipita puani mwa mumewe kama mgeni anayepita uani kwa watu bila hodi. Alirukia sufuria, akaitupa chini, akaungua vidole.

“Chakula kinaungua mbele ya pua yako!”

“Kinaungua?” aliuliza. Kwa dhati kabisa. Alikuwa anaitazama sufuria kama anayeonyeshwa picha.

Msusi aliacha kupuliza vidole. Akamtazama yule mwanamume vizuri, kama anavyotazama kichwa kabla ya kukigawa njia. Uso usiocheka. Mkono uliolala. Na kwenye paja, mkono ule ule uliotulia, kidole gumba kilikuwa kinacheza peke yake, kinazunguka juu ya kidole cha pili, kana kwamba kinasokota uzi.

“Kesho asubuhi tunakwenda hospitali.”

“Kiwanda kinaibwa, wewe unasema hospitali!”

“Kiwanda kinaibwa mtondo. Mimi mume wangu naona anaibwa sasa hivi.”

Alikubali, kwa sharti. “Hili tumbo langu lisiende kibarazani kwako. Kichwa hata kimoja kisilisikie. Niapie.”

Akaapa. Na aliapa kwa shida, kwa maana mwanamke aliyeshika vichwa vya kiwanda kizima mikononi mwake na kuambiwa anyamaze ni kama mtu aliyekabidhiwa ngoma na kufungwa mikono.

*

Daktari alikuwa mwanamke kijana, macho mekundu ya kukesha. Mkata vitambaa alisema amekuja kwa sababu ya kidole.

“Tumbo,” alisema msusi.

“Kidole.”

“Tumbo, daktari!”

“Mimi ndiye mgonjwa.”

“Na mimi ndiye ninayelala na mgonjwa.”

Daktari aliacha kuandika. “Subirini. Vyote viwili? Kipi kilianza?”

“Tumbo,” mkata vitambaa alikiri, akiangalia dirisha. “Miaka. Kidole ni cha juzi tu.”

Uchovu ulimtoka daktari machoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Alimwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi. Alimwambia agonganishe vidole, haraka, haraka zaidi. Aliushika mkono wake na kuukunja taratibu. Alimwuliza kama ananusa. Msusi akasimulia sufuria. Aliuliza kuhusu usingizi.

“Ananipiga mateke!” msusi akadakia. “Anapigana na watu humo ndotoni, anafoka, anarusha ngumi, asubuhi yeye hakumbuki na mimi ndiye mwenye alama. Nikadhani ana kisasi na mimi.”

“Mzee wangu,” daktari alisema, akavuta kiti karibu, “sitakuficha. Nashuku ugonjwa unaoitwa Parkinson. Watu wanaujua kwa kutetemeka. Lakini kwa wengine hauanzii mikononi. Unaanzia wasikoangalia: pua inaacha kunusa, chakula kinakawia tumboni, choo kinafunga, miaka mingi kabla ya mkono kucheza. Tumbo nalo lina mishipa yake ya fahamu, na ugonjwa huu unaigusa. Sikia vizuri: si kila anayefunga choo anao. Lakini choo, pua, usingizi na kidole kwa pamoja? Nakutuma kwa daktari bingwa, yeye ndiye atakayekata neno.”

“Kwa hiyo ni kitu kimoja!” Msusi alikuwa amesimama, ameshika mikono kichwani. “Si mwanamke! Si kinyongo! Si ubishi wa kutokula! Una jina! Daktari, una jina!”

Daktari alimtazama kama mtu anayeshangilia msibani. Angejuaje? Mwaka mzima mwanamke huyu alikuwa amepigana na vivuli nyumbani kwake, na leo kimoja kimegeuka kikasema, mimi ndiye.

“Unapona?” aliuliza mumewe.

“Hauponi. Unatulizwa. Zipo dawa, yapo mazoezi, na watu wanaishi nao miaka mingi, wanafanya kazi zao.”

Mkata vitambaa alitazama mikono yake miwili, ile iliyokata nguo za watu wasiojua kuwa yupo. Kisha akaitia mifukoni.

“Tumbo tunaanza nalo leo,” daktari aliendelea. “Maji mengi, mboga, matunda, kutembea. Dawa hii ya unga unaikoroga kwenye maji, inalainisha. Na hamu ikikujia, usiizuie hata kidogo. Nenda pale pale.”

“Lazima nivae kibao kwanza.”

“Kibao gani?”

Akaeleza. Daktari aliweka kalamu chini, akasema neno ambalo madaktari hawafundishwi.

*

Toroli lilikuwa tayari. Walilileta katikati ya uwanja wa kulia chakula, chini ya paa la bati, limejaa vumbi la nyuzi za rangi zote, na mstari baada ya mstari watu walitoka ukumbini wakifuta mikono, wakisukumana, wakiuliza yuko wapi, yuko wapi. Wapo waliopanda juu ya meza. Nyapara alichungulia dirishani, akaona mambo hayamhusu, akarudi kwenye chakula chake.

Msusi alipita getini kwa kumwambia mlinzi kwamba ameleta rasta za mtu. Mshona vifungo alimwona, akamkimbilia.

“Dada! Umekuja kweli! Simama hapa, utaona vizuri.”

“Nimekuja kumwona mume wangu.”

“Mume wako yupi?”

“Huyo mnayetaka kumtia torolini.”

Msichana yule alishika kichwa chake kilichosukwa, kama aliyekumbuka ghafla nani alikisuka na alisema nini.

Mkata vitambaa aliletwa. Alitembea mwenyewe. Fundi Spana, fundi wa mashine, mwanamume wa kifua na msemaji wao, alikuwa ameshika kile kibao kwa kamba, anakining’iniza juu kama samaki aliyeoza.

“Mzee, tumekula chumvi pamoja,” alisema. “Una neno kabla hatujakubeba?”

“Ninalo. Kesho yanakuja malori.”

“Malori gani?”

“Ya kuchukua mashine. Zote. Kesho, mkiwa majumbani.”

Kisha mtu mmoja juu ya meza akapiga kelele, “Umejuaje?” Na mwingine, “Kakwambia nani, kama si wao?” Na wote kwa pamoja, kama kengele iliyopigwa jiwe: “Umejuaje! Umejuaje! Umejuaje!” Walikuwa wameshamshika mikono. Miguu yake iliacha ardhi. Juu ya vichwa vya watu alimtafuta mkewe, akamwona.

“Sema wewe,” msusi alipaza sauti mpaka ikachanika, “au kiapo changu nakivunja hapa hapa!”

Wakamtua torolini, vumbi likapanda, akasimama humo ndani badala ya kukaa.

“Sipati choo,” alisema.

“Nini? Sauti!”

“SIPATI CHOO!”

Uwanja ulipasuka. Watu walicheka wakaangukiana, sahani zikamwagika, mwanamke mmoja akalia, “Jamani mbavu!” Msusi alisimama katikati ya kicheko kile akihisi kama amevuliwa nguo yeye. Lakini mumewe hakushuka.

“Chekeni. Ni siku nyingi mimi nalia peke yangu. Nina ugonjwa. Jana nimeambiwa jina lake. Ulianza tumboni, sasa umefika hapa.” Akainua mkono wake, akauachia, na kila aliyekuwa karibu akaona kidole kikicheza. “Nakaa mle chooni kwa sababu tumbo langu limesahau kazi. Na ukuta wa mle haufiki juu. Kila anachosema meneja saa hizi, nakisikia. Mnanichukia kwa sababu ya kibao. Sawa. Mimi ndiye niliyekichonga? Vingekuwa vibao kumi, nani angejua nakaa muda gani? Wametupa kimoja ili tutafunane, na tumetafunana vizuri sana! Mnatafuta aliyepeleka maneno yenu ya chakula kwa bosi? Mliyasema kwa kelele, mbele ya nyapara, mkiwa hapa hapa!”

Kicheko kilikuwa kimepungua, kikabaki cha watu wachache wa nyuma.

“Maneno matamu,” alisema Fundi Spana. “Lakini msaliti naye ana maneno. Tutajuaje?”

“Una miguu? Vaa hicho kibao. Nenda ukakae. Saa hizi yuko kwenye simu.”

Fundi Spana alikitazama kibao. Akakivaa. Watu wakampisha, akaingia ndani, na uwanja mzima ukageuka kutazama mlango ule. Mkata vitambaa aliketi kwenye ukingo wa toroli. Mshona vifungo, hajui aweke wapi macho, alimpelekea kikombe cha maji.

Wakasubiri. Fundi hakutoka. Wakasubiri tena.

“Naye amefunga?” mtu akanong’ona, na kicheko kikapita, lakini safari hii kilikuwa kicheko cha woga.

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Fundi Spana alikuja mbio, kibao kinampiga kifuani, uso umemgeuka.

“Asubuhi na mapema!” alisema, akihema. “Anawaelekeza njia ya kupitia! Anasema waje na mafundi wa kufungua, waanze na mashine mpya, na mlinzi aambiwe ni matengenezo! Kweli tupu! Kweli tupu, jamani!” Akamgeukia mkata vitambaa, akavua kibao, hakujua akipeleke wapi, akakivunja gotini vipande viwili. “Baba, tusamehe. Shuka humo.”

“Msinishushe,” alisema mkata vitambaa. “Nimechoka miguu. Kwanza tupange ya kesho.”

*

Asubuhi ya mapumziko, malori yalipokunja kona, yalikuta barabara haina nafasi ya kuku. Watu waliketi chini mpaka getini, na watoto, na wazee, na wanawake wenye vibanio vya nywele bado vichwani, kwa maana msusi sasa alikuwa amefunguliwa mikono na tangu jana mchana hakuna kichwa kilichopita kwake bila habari. Madereva walipiga honi. Watu wakawapigia makofi kwa mdundo ule ule. Mle ndani ya geti meneja alikuwa anatembea huku na huku, simu sikioni, tai imekwenda begani.

Jua lilipanda. Hakuna aliyejongea. Na hapo mkata vitambaa alimshika mkewe mkono, na ule uso uliokuwa mkavu kwa mwaka mzima ukajaa mshangao.

“Mke wangu. Limeniita.”

“Nini kimekuita?”

“Tumbo.”

“Sasa hivi?”

“Sasa hivi hivi! Ile dawa! Mungu wangu, haisubiri!”

Msusi hakuuliza tena. Alimkokota kupita katikati ya watu mpaka getini, akalipiga kwa viganja. “Fungua! Mgonjwa anataka choo!”

“Nimeamriwa nisifungue, mama,” mlinzi alisema kupitia tundu.

“Umeamriwa nini? Meneja ameliamuru na tumbo la mume wangu? Jana uliacha geti ukaja uwanjani kutazama, ulisikia yote kwa masikio yako. Hii ndiyo siku tuliyoiombea! Unataka imkute hapa, mbele ya watoto wa watu?”

Mlinzi alitazama nyuma kwa meneja. Akamtazama mzee, aliyesimama akiwa amebana magoti. Akafungua mlango mdogo, kiasi cha mtu mmoja kupita. Mkata vitambaa akapita kwa hatua zake fupi fupi, za haraka kuliko alizotembea mwaka huo wote. Msusi akamfuata, akasimama pale pale kizingitini, makalio upande huu, mabega upande ule, na mlango haukufungika tena.

“Ingieni!” akapiga kelele. “Kila mtu kwenye mashine yake! Ingieni!”

Waliingia kama maji. Mlinzi alikaa pembeni, akavua kofia, akajipepea nayo. Ukumbi ulijaa, na kila mwanamke akaketi kwenye kiti alichokiketia siku zote, akalaza mikono juu ya mashine kama anayemlaza mtoto. Mafundi wa kufungua nati walichungulia, wakaona hakuna mashine isiyokuwa na mtu, wakarudi kwenye malori. “Sisi tumekodiwa kubeba vyuma,” dereva wa mbele alimwambia meneja, “wanawake hatubebi,” akawasha gari, na wengine wakamfuata kinyumenyume.

Simu ya meneja iliita. Alisikiliza, amesimama wima kama mwanafunzi. Alipoikata, alimwambia Fundi Spana kwamba tajiri amekubali kuzungumza, leo, sasa, juu ya mashine na malipo yote.

“Vizuri,” alisema Fundi Spana. “Wasemaji wetu ni watatu. Mimi, huyu mshona vifungo, na mkata vitambaa. Bila yeye hatuanzi.”

“Yuko wapi?”

Wakamwonyesha.

Meneja alipita ukumbi mzima, katikati ya mashine, na hakuna aliyemsalimu wala aliyemtukana. Mbele ya mlango wa choo alimkuta mwanamke amesimama.

“Yumo ndani?”

“Yumo.”

“Tajiri anasubiri kwenye simu.” Aliangalia saa yake, akapandisha tai, akashusha sauti. “Atatoka saa ngapi?”

Msusi alikunja mikono kifuani, akauegemea mlango.

“Akimaliza,” alisema.